Barabara imefika shambani na hati bado iko na jina la babu: jibu refu kidogo, vumilieni

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Kwa wale wanaingia kwa uzi sai: barabara inapanuliwa kwao huko Vihiga, watu wa vipimo wamepita wakapiga rangi nyekundu kwa ukuta, hati ya shamba iko na jina la babu aliyezikwa kitambo, kuna jamaa anataka asilimia 20 ndio "awafuatilie" pesa Nairobi, na baba mdogo anasukuma wajenge haraka vyumba viwili mbele ya nyumba ndio fidia iongezeke. Anauliza waanzie wapi.

Mimi nimefanya hii kazi upande ule mwingine, yaani mimi ndio nilikuwa yule mtu wa kofia na koti la kung'aa anayekuja kwako na fomu asubuhi mbwa wakibweka. Sanasana laini za stima na barabara, Muhoroni kushuka Kisumu, Kakamega, hadi Busia, na Nakuru kidogo. Siko tena kwa hiyo kazi, kwa hivyo naandika bila kuchungulia nyuma ya bega.

Watu hupigania bei sana, kwa baraza la chifu utasikia bei, kwa wasap ya kijiji bei, na ni haki yao, lakini zile faili nimeona zikilala kabatini mpaka karatasi ikabadilika rangi, nyingi hazikulala juu ya bei. Zililala juu ya jina. Shamba limethaminiwa, pesa zimetumwa na mwenye mradi, halafu hakuna mtu aliye hai ambaye sheria inaruhusu kumpa.

Lakini kwanza mjue mnaongea na nani. Mwenye mradi, awe KeNHA, KURA ama KeRRA, yale mashirika ya serikali ya barabara, ama shirika la maji, hachukui shamba kwa nguvu yake mwenyewe. Anaomba NLC, yaani Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na tume ndio inachapisha notisi kwa Gazeti Rasmi la Serikali, inaitisha kikao cha kusikiza watu, inathamini, na inatoa barua ya fidia. Hiyo iko kwa Sheria ya Ardhi ya 2012. Juu yake kuna kifungu cha 40 cha Katiba kinachosema ukinyang'anywa mali kwa ajili ya umma ulipwe fidia ya haki, kamili na ya haraka. Hiyo haraka marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Ardhi yaliipa nafasi ya hadi mwaka mmoja tangu shamba lichukuliwe, haraka ya serikali hiyo.

Kwa hivyo rangi kwa ukuta bado si fidia, na wala si notisi. Ni fundi wa vipimo amepita. Notisi yenyewe ikitoka huwa imeandika namba ya shamba, jina la mwenyewe vile liko kwa rejista, na ukubwa wa kipande kinachochukuliwa, na hapa wengi huchanganyikiwa juu wanaandika kwa hektari na sisi tunaongea ekari. Ukiona 0.04 usikimbie kusema wamekuibia, hiyo ni kama pointi moja ya ekari, na ploti ya futi 50 kwa 100 ni karibu 0.0465. Hapo kwa jina ndio utaona babu yako amechapishwa kama mtu ambaye anaweza kuitwa kesho akuje na kitambulisho.

Baada ya notisi ya kwanza lazima zipite siku 30 ndio kikao kifanyike, na tarehe ya kikao nayo itangazwe siku 15 mapema. Vikao huku kwetu mara nyingi hufanywa kwa ofisi ya chifu ama shule ya karibu, watu wanakaa kwa nyasi, maofisa wana meza moja na mafaili. Unapeleka dai lako kwa maandishi, nakala ya hati, kitambulisho, PIN ya KRA, akaunti ya benki, na kama uko na ripoti ya mthamini wako mwenyewe aliyesajiliwa unaiweka hapo hapo. Hakuna ada ya kupeleka dai. Narudia kwa wale wa nyuma, HAKUNA.

Sasa jina la babu. Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi rasmi kwanza, yaani waangalie rejista inasema shamba ni la nani, usitegemee ile hati iko kwa sanduku la nyanya, juu nimeona boma ambapo hati iko kwa sanduku na kwa rejista shamba liligawanywa zamani na mtu mwingine ako na hati yake safi. Sachi ikisema bado ni babu, basi lazima mirathi, ile watu wanaita saksesheni. Chifu anaandika barua ya kutaja warithi wote, mnapeleka kortini, inachapishwa kwa gazeti la serikali siku 30 mwenye pingamizi aseme, msimamizi anapewa grant, yaani karatasi ya korti ya kusimamia mali ya marehemu, halafu grant inathibitishwa baada ya miezi 6, isipokuwa korti ikubali mapema kwa sababu nzuri. Ukijumlisha na ile kuenda na kurudi ya korti unaona mwenyewe ni kwa nini nasema muanze leo na si siku ya barua ya fidia. Wakati huo mnaweza kuuliza wakili kuhusu grant ya muda ya kulinda mali ya marehemu, ndio angalau kuwe na mtu mmoja mwenye mdomo halali kwa kikao.

Na ile barua ya chifu ndio imeua familia nyingi kuliko mnavyodhani. Wanaume wanakaa chini ya mti, wanaandika majina ya vijana, wasichana wanaachwa nje "juu wameolewa". Sheria ya urithi haijui mambo ya kuolewa, binti ni mtoto wa marehemu kama wewe. Shangazi mmoja akiwa Nakuru anasikia pesa imetoka, anaweka pingamizi, na ako sawa kabisa, na hapo mmeongeza miaka. Kama babu alikuwa na wake wawili ama watatu pia msigawe kwa kichwa cha nyumba, yaani nyumba ya kwanza nusu na ya pili nusu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi kinahesabu watoto wa kila nyumba na mjane aliye hai anaongezwa kama mtu mmoja. Nimeona nyumba yenye watoto wawili ikitaka sawa na nyumba yenye tisa, wakaenda nayo hadi mwisho.

Familia ikishindwa kuelewana, ama akakosekana mtu halali wa kupokea, tume inaweka hizo pesa kwa akaunti maalum ya fidia. Hazijapotea, lakini tingatinga haliwasubiri, barabara itajengwa, magari yatapita, na nyinyi mko kortini mnabishana juu ya kitu ambacho lami imeshakifunika. Hapa ndio penye uchungu wa hii kazi kusema ukweli. Kuna boma nilikuwa napita kila nikienda upande wa Kakamega, kaka wawili hawaongei, nyumba ya mama yao ilivunjwa juu ilikuwa ndani ya mstari, mama akahamia kwa jikoni ya mmoja wao, na pesa yake mwenyewe iko kwa akaunti anaisikia tu kwa masikio.

Jambo lingine la jina: waliouziwa. Huku magharibi mashamba ni madogo na babu zetu waliuza vipande vya kulipa karo kwa karatasi ya kuandikiana mbele ya liguru, yule mzee wa kijiji, na mashahidi, bila kwenda bodi ya ardhi, bila kugawanya hati. Huyo mnunuzi amejenga, amezika watoto hapo, lakini kwa rejista yeye hayuko. Warithi wengine wakisikia fidia wanajifanya hawamjui. Msifanye hivyo, na si kwa sababu ya roho safi peke yake. Kifungu kile kile cha 40 cha Katiba kinaruhusu alipwe mtu anayekaa kwa nia njema hata kama hana hati, na kwenye miradi yenye pesa ya Benki ya Dunia masharti ya mkopo yanataka hata asiye na hati kabisa alipwe nyumba yake na asaidiwe kurudisha riziki. Akisimama kwa kikao na karatasi yake na majirani wakamshuhudia, faili yenu yote inawekwa kando ya zenye ugomvi. Kaeni naye, andikeni kipande chake, mpeleke pamoja.

Mpaka nao. Ramani nyingi za huku ni za mipaka ya jumla, yaani ule ua wa ojuok, hiyo minyaa, ndio mpaka na ramani ilichorwa tu kukaribiana. Kwa hivyo saveya akisema anachukua mita fulani kwako na kwa ramani inaonekana ni kwa jirani, msirukiane. Itisheni saveya wa kaunti mbele ya wote wawili kabla ya kikao.

Kuhusu baba mdogo na vyumba vyake viwili: mwambie apumzike. Kitu kilichojengwa baada ya notisi hakihesabiwi, na sheria ya 2019 inaenda hata nyuma, kilichoongezwa ndani ya miaka miwili kabla ya notisi kinaweza kuachwa nje mpaka mthibitishe kilijengwa kwa nia njema na si kwa kunusa mradi. Siku hizi wanapiga picha kutoka juu kabla hata nyinyi kujua kuna barabara. Nimeona watu wakisimamisha mabati usiku kama wanakimbizana na mvua, hawakulipwa kitu na mabati yenyewe walinunua kwa deni.

Yule wa asilimia 20 sasa. Chukua mfano rahisi, tuseme shamba na nyumba vimethaminiwa 1,000,000. Kanuni za fidia za 2017 zinaongeza asilimia 15 ya usumbufu, inakuwa 1,150,000. Jamaa anachukua 20 ya hiyo, ni 230,000. Ameshakula ile pesa yote ya usumbufu wenu na ameingia ndani ya shamba lenyewe 80,000, na kazi amefanya ni kupiga simu. Mbaya zaidi ni wale wanataka usaini mamlaka ya kuwakilishwa pesa ipitie akaunti yao. Wakili wa mirathi mlipeni kazi yake, mthamini mlipeni ada yake, hao wana leseni na unajua pa kuwashtaki. Huyu mwingine ukimuuliza ofisi yake iko wapi atakuambia ako kwa mkutano.

Bei yenyewe sasa, maana najua mtasema nimeikwepa. Hawaangalii shamba tu. Kanuni zinaruhusu kudai hasara ya kipande kinachobaki kama kimekatwa vibaya, gharama ya kuhama nyumba ama biashara, na faida iliyopotea kati ya notisi na siku ya kuchukuliwa. Watu hawadai hivi vitu juu hawajui, wanaandika kwa fomu "shamba na nyumba" basi. Kama una posho mill ama duka, peleka daftari lako la mauzo hata kama ni la kuandika na kalamu. Kama kipande kitakachobaki ni kama utepe ambao hauwezi kujengwa choo, kiandike kwa dai, usingoje mtu akuonee huruma. Miti na mimea hesabuni pamoja na yule mwenye fomu, mkitaja kwa sauti mti kwa mti, mikaratusi, parachichi, migomba kwa mashina, napier, halafu kabla ya kusaini PIGA PICHA ya fomu. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia hivyo na wenzangu walinikasirikia, lakini mtu mwenye picha hukuwa unabishana naye baadaye. Barua ya fidia ikija na hamridhiki, kuna tribunali ya utwaaji ardhi iliyowekwa na sheria ya 2019, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na kutoka hapo unaweza kukata rufaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kuna kitu hiyo hesabu haikijui vizuri na nimebishana nacho sana upande wa Wajaluo. Mtu wa Nairobi anaona nyumba tatu ndani ya boma, anathamini tofali na mabati. Lakini nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, inakaa pale inakaa kwa sababu, inatazama lango, na simba, zile nyumba za vijana, ziko kwa mpangilio wake. Barabara ikikata upande wa lango, huwezi tu kuambia mzee asogeze nyumba nyuma mita 20. Pengine lazima aanzishe dala mpya, yaani boma jipya, na hiyo inataka atoke na kijana wake wa kwanza, shoka na jogoo, na mke wake, na kama mke wa kwanza alishakufa ama mwenye boma ni mama mjane, hapo wazee wanakaa siku nzima wakitafuta njia. Hiyo ina gharama na ina muda. Nilikuwa nawaambia waandike, waseme ni nini kinahitajika na ni pesa ngapi, wazee wasaini, iingie kwa faili kama gharama ya kuhama. Ikikataliwa imekataliwa ikiwa imeandikwa.

Makaburi hivyo hivyo, yawe ya Waluhya ama ya Wajaluo. Semeni mapema yako wapi, hata yale hayana saruji, juu mara nyingi mstari bado unaweza kusogezwa kidogo wakati wa ramani na hauwezi kusogezwa mashine zikifika. Kufukua kunahitaji kibali cha afya ya umma, na gharama za kuzika upya zidaiwe. Usiruhusu mwanakandarasi akwambie "tutamalizana" halafu alete vijana na majembe.

Aliyeuliza hapo chini kuhusu laini ya stima huko Muhoroni, yako ni tofauti kidogo. Hapo kwa kawaida hati inabaki yako, unalipwa kwa kuzuiwa kutumia ule ukanda. Laini za KETRACO, kampuni ya serikali ya laini kubwa za stima, za kilovolti 132 huchukua upana wa kama mita 30, 220 ni mita 40, na zile kubwa za 400 ni mita 60. Chini yake utalima maharagwe, mahindi, viazi, lakini nyumba hapana na mikaratusi hapana. Miwa uliza mapema na upewe jibu kwa maandishi, maana shamba la miwa likichomwa chini ya nyaya, moto na moshi ni hatari kwa laini na kwenu pia. Na usikubali malipo ya ukanda kama ndio malipo ya nyumba iliyo ndani yake, nyumba inahesabiwa peke yake.

Na wa Salgaa na Gilgil mnaouliza juu ya habari za kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit: angalieni kwanza kama kibanda kiko kwa shamba lako ama kwa akiba ya barabara, yaani ule ukanda uliotengwa wa barabara yenyewe. Barabara kuu nyingi akiba yake ni mita 60 na imekuwa hivyo kitambo, sisi ndio tulizoea kuiona tupu. Kwa ardhi ya akiba hulipwi ardhi. Kama utalipwa kibanda na biashara inategemea sana nani anatoa pesa ya mradi, kwa hivyo siku ile wanapita kuorodhesha wafanyabiashara usiende sokoni ukaacha mtoto dukani, tarehe ya mwisho ya kuorodheshwa ikipita ndio imepita.

Swali la mwisho lilikuwa la yule dada wa Luanda, hii ya Vihiga, ambaye shamba lake halikuguswa lakini nyumba imeanza kupasuka juu ya ile mashine ya kushindilia. Hiyo haiingii kwa fidia ya ardhi kabisa, tume haitakusikiza. Inaenda kwa kamati ya malalamiko ya mradi na kwa mhandisi mkazi, kwa barua, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ambao mashine hazijafika kwenu, pigeni picha za kuta zote sasa hivi ndani na nje zikiwa na tarehe, na mkiweza mwiteni mzee wa kijiji asimame kwa picha.